Pleti haiungui bure: kufungua giaboksi ya otomatiki ya NZE nyumbani

Giaboksi ya otomatiki ikianza kuteleza, jibu utakalopewa karibu kila gereji ya Nakuru ni moja: tafuta ya mtumba kutoka Japani, ifungwe, mambo yaishe. Si ushauri mbaya kila mara. Lakini hiyo ya mtumba nayo ni siri iliyofungwa kwa boliti. Hujui ilitembea kilomita ngapi wala ilikunywa mafuta gani. Mwenye wiki mbili za kusubiri, sakafu ya saruji na mkono mwepesi wa kuandika anaweza kuifungua yake mwenyewe, hasa ile ya gia nne ya U340E iliyomo kwenye Corolla NZE121. Ni giaboksi ya kistaarabu. CVT ya Fielder zilizofuata, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, ni habari nyingine kabisa, na si ya kujifunzia.

Kabla ya kugusa spana, jambo hili lieleweke. Ndani ya giaboksi hii kila gia ni mafuta yenye presha yanayosukuma pistoni, na pistoni inabana pleti, yaani sahani nyembamba za chuma zilizopangwa kwa zamu na nyingine zenye karatasi ya msuguano. Pleti iliyobanwa sawasawa haitelezi, na isiyoteleza haiungui. Ukikuta zimeungua, kuna mahali presha ilikuwa inatoroka: sili iliyokauka, ringi iliyolika, valvu iliyokwama, solenoidi (valvu ya umeme) iliyochoka, pampu iliyopanuka. Ndiyo maana kuna magari yanayobadilishwa pleti leo na kurudi gereji baada ya miezi michache na harufu ileile.

Kwa hiyo kazi inaanza gari likiwa bado linatembea. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta, upanguse tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu ni salama. Kahawia yenye harufu ya mkate ulioungua ni pleti. Yakiwa na rangi ya waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi, ni maji: kipoza mafuta kilichomo ndani ya rediata kimetoboka. Hapo rediata inabadilishwa, pleti zote za msuguano zinabadilishwa hata zikionekana nzuri, kwa sababu maji huachanisha gundi inayoshika karatasi ya msuguano kwenye chuma, na konveta, kile chombo cha duara kinachopitisha nguvu ya injini hadi giaboksi kwa mafuta, inabadilishwa pia. Kisha soma kwa mashine kodi za hitilafu zilizo kwenye kompyuta ya gari. Kodi za solenoidi au za sensa ya mwendo zinaweza kukuokolea kazi nzima, kwa kuwa waya uliokatika huleta dalili zinazofanana sana na klachi iliyokwisha.

Sasa isikilize. Makundi ya pleti za U340E, klachi zinazounganisha sehemu zinazozunguka na breki zinazozizuia, yana majina, na ukijua nani anafanya kazi gia gani, gari lenyewe linakwambia palipoharibika. Gia ya kwanza ni klachi C1 pamoja na F2, klachi ya njia moja, yaani inayokubali kuzunguka upande mmoja tu. Ya pili ni C1, breki B2 na F1. Ya tatu ni C1, C2 na B2. Ya nne ni C2, B1 na B2. Rivasi ni C3 na B3. Liva ikiwa kwenye L, B3 inaongezeka juu ya C1 ili injini izuie gari mteremkoni.

Tuseme gari linaondoka vizuri, la kwanza na la pili safi, halafu likienda la tatu injini inalia na gari haliongezi. Aliyeingia pale ni C2 peke yake. Wengine walikuwepo tangu la pili. Au D iko sawa lakini rivasi hakuna. Mshukiwa ni C3 au B3. Weka L, shuka kamteremko kadogo, achia mafuta. Injini ikilishika gari, B3 ni mzima na mwenye makosa ni C3. Na gari lisiloenda mbele kabisa huku rivasi ikivuta kama fahali, C1. Andika haya ubandike ukutani, maana ukishaifungua hutaweza kuiuliza tena.

Kuna dalili moja inayodharauliwa sana: asubuhi unaweka D, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari linashtuka, likishapata joto linakuwa zuri. Hizo ni sili za midomo za pistoni. Mpira umekakamaa, baridi inapitisha mafuta pembeni, joto likija unalainika kidogo na kuziba. Kiwango cha Toyota, mafuta yakiwa na joto la nyuzi 50 hadi 80, ni chini ya sekunde 1.2 kutoka N kwenda D na chini ya sekunde 1.5 kutoka N kwenda rivasi. Pima kwa saa ya simu, ukiacha dakika nzima kati ya jaribio na jaribio. Ukiipata katika hatua hii, pleti nyingi zitakuwa bado zinafaa.

Kuishusha ni kazi ya misuli zaidi ya akili. Toa betri, boksi la chujio la hewa, kebo ya liva, viunganishi vya waya (bandika kila kimoja kipande cha tepu chenye namba), stata, mipira miwili ya kipoza mafuta, kisha draivu shafti zote mbili. Nati za draivu shafti, zile za katikati ya magurudumu ya mbele, zinataka soketi ya 30. Mwaga mafuta mapema, kwa sababu hapa difrensho imo ndani ya nyumba moja na giaboksi na inatumia mafuta yaleyale. Boliti sita za konveta zinafunguliwa moja moja kupitia tundu la ukaguzi, huku msaidizi akizungusha injini kwa spana kwenye puli. Angalia vizuri: moja ina rangi tofauti na wenzake, na wakati wa kufunga ndiyo inayoingia kwanza. Injini ishikiliwe kutoka juu kwa bomba nene la chuma lililolazwa juu ya mabawa na mnyororo. Gari likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki. Mzigo huu ni karibu kilo 70. Kushuka utashuka wenyewe hata usipotaka, kwa hiyo uwe na jeki ya magurudumu na mtu wa pili. Na konveta ishuke pamoja na giaboksi, isibaki ikining'inia kwenye flaiwili.

Mafuta ya zamani yaweke kwenye mtungi, uyapeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Mtaro wa mvua wa Nakuru unaelekea ziwani, na ziwa lile halina mto unaotoka.

Vumbi ndilo adui mkubwa, na Nakuru tunalijua. Januari hadi Machi, vile vimbunga vidogo vinavyozunguka uwanjani mchana, usifungue nje valvu bodi, ule mwili wa aluminiamu wenye mifereji na valvu zinazogawa presha. Chumba kimoja, mlango umefungwa, meza imefunikwa kadibodi safi, sakafu imemwagiwa maji kidogo. Nje ya giaboksi ioshwe kwanza kwa brashi na mafuta ya taa mpaka uione rangi ya aluminiamu, matundu yote yakiwa yamezibwa. Ndani, vipuri vioshwe kwa mafuta ya taa safi au ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na vikaushwe kwa upepo wa kompresa. Usitumie petroli ndani ya nyumba. Usitumie pia vitambaa vya pamba wala glavu za nyuzi: uzi mmoja unatosha kukwamisha valvu yenye nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Karatasi ngumu ya kupangusia au nailoni ndiyo yake.

Vifaa visivyo na mbadala ni hivi: koleo la saklipi (ringi za chuma za kufungia), la ndani na la nje, fila geji (visahani vya kupimia nafasi), venia, mita ya umeme, tok renchi ndogo inayosoma kuanzia Nm 5, na bunduki ya upepo yenye ncha ya mpira. Kibanizi cha springi za pistoni unaweza kuchomelewa jua kali, Kibuye kule Kisumu au hapa Nakuru, kwa boliti ndefu na vipande viwili vya chuma. Kiti ya vipuri nayo inauzwa kwa namna mbili. Ya kawaida ni gasketi, O-ringi, sili na ringi za shafti. Kiti kamili inaongeza pleti za msuguano na za chuma. Dukani taja namba ya giaboksi kama ilivyo kwenye kibati cha chini ya boneti, si jina la gari. Ukisema tu "nipe ya NZE, bosi", utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji.

Ukifungua, anza na sufuria ya chini. Sumaku zake ndizo ripoti ya daktari. Unga laini wa kijivu kama masizi ni uzee wa kawaida. Chembe unazozisikia kwa kidole, au vipande vinavyong'aa vya shaba vilivyolala sufuriani, ni beringi au bushi, na hapo kiti ya gasketi peke yake haitoshi. Baada ya hapo kila kitu kinatoka kwa mpangilio: chujio, valvu bodi, pampu ya mafuta, madramu (ngoma zinazobeba pleti), gia za sayari. Vilaze juu ya kadibodi kwa safu, kila kimoja kikiwa na uso wake uleule juu, upige picha kabla na baada. Vibanio na beringi bapa vina upande. Ukikigeuza kimoja, shafti itabana au itacheza. Boliti za valvu bodi zina urefu tofauti: chora umbo lake kwenye kadibodi, toboa, chomeka kila boliti mahali pake. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa nyumba.

Klachi za njia moja ndizo zinazowaumbua wengi. Kabla hujaitoa F1 au F2, izungushe kwa mkono, uone inakubali upande gani na kukataa upande gani, uchore mshale. F2 ikirudishwa kinyume, kwenye D gari halitaondoka ingawa kwenye L linaondoka, kwa sababu B3 imeshika kazi yake. Na gia za juu zitabanana. Makosa ya dakika moja, dawa yake ni kushusha giaboksi upya.

Sasa fungua kila dramu utafute mahali presha ilipotorokea. Pleti za msuguano zilizoungua zitakuwa nyeusi, laini kama kioo, au karatasi imebanduka. Za chuma zitakuwa na madoa ya buluu. Zilizopinda zinajulikana ukizilaza juu ya kioo cha dirisha. Usiishie hapo. Ikague sili ya pistoni: ikiwa ngumu ukiikunja haitaki kurudi, umempata mmoja. Kwenye pistoni ambazo mpira umeshikizwa kiwandani, pistoni inabadilishwa nzima. Angalia ringi za shafti na ukuta wa ndani wa dramu zinaposugua. Pitisha ukucha. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, ringi mpya haitaziba na dramu hiyo imekwisha, hata kama inang'aa kama mpya. Nionavyo, hapa ndipo wanaoharakisha wanapoponzwa: ringi ni ya bei ndogo, dramu ni ya bei kubwa, basi wanabadilisha ringi na kufumbia macho mfereji.

Pampu nayo ipimwe. Weka rula iliyonyooka juu ya gia zake, uingize fila geji kati ya rula na gia: nafasi ya ubavuni ni milimita 0.02 hadi 0.05. Ikifika 0.1, presha ya giaboksi nzima imeshuka, na hakuna pleti mpya itakayoivumilia.

Pleti mpya za msuguano zilowekwe kwenye ATF angalau saa mbili kabla ya kuingia. Zikiingia kavu, dakika za kwanza tu zinaungua. Sili za midomo zipakwe mafuta, mdomo ukitazama upande presha inakotokea, uzisaidie kuingia kwa kipande cha plastiki laini. Bisibisi itaukata mdomo na hutauona mkato. Ringi za teflon ukizipanua kupita kiasi hazirudi, kwa hiyo zibane kidogo kwa mkono ziwe ndogo kabla ya kuingiza shafti. Beringi bapa zishikiliwe mahali pake kwa vaselini tupu isiyo na manukato, kwa kuwa inayeyuka na kuchanganyika na mafuta. Grisi ya beringi za magurudumu haiyeyuki, inaziba chujio.

Kisha nafasi. Ukishapanga pleti kwa zamu, chuma, msuguano, chuma, msuguano, ukafunga kwa pleti nene ya mwisho na saklipi, pima kwa fila geji kati ya saklipi na ile pleti nene. Kanuni ya mafundi, unapotaka kujua kama uko karibu na ukweli, ni milimita 0.25 kwa kila pleti ya msuguano. Klachi yenye pleti 4 itakuwa karibu milimita 1. Kipimo cha mwisho ni cha kitabu cha Toyota cha giaboksi yako. Pleti nene huuzwa kwa unene tofauti ili urekebishe. Nafasi ikiwa kubwa, pistoni inasafiri mbali na gia inachelewa kisha inagonga. Ikiwa ndogo, pleti zinasuguana hata zikiwa zimeachiwa, na zinaungua njiani kuelekea Salgaa huku ukidhani ni mlima.

Hatua inayofuata ndiyo itakayokupa usingizi. Kabla ya kurudisha valvu bodi, matundu ya mafuta ya kila klachi na breki yako wazi kwenye nyumba ya giaboksi. Weka kompresa kwenye psi 57 hivi, upepo uwe mkavu, upulize tundu la C1. Unatakiwa kusikia "tup" moja nzito, pistoni ikigonga pleti, na ukiachia irudi. Mluzi mdogo ni kawaida kwenye ringi. Lakini upepo ukiendelea kutoka kama tairi lililochomwa msumari, au pistoni ikisogea kwa uvivu bila sauti, sili imekatika au ringi imekaa vibaya. Rudi nyuma sasa. Fanya hivyo kwa C2, C3, B1, B2 na B3, uandike kila moja. Fundi asiyepuliza matundu atafanyia jaribio hilohilo barabarani.

Valvu bodi yenyewe inaweza kuachwa bila kufunguliwa kama mafuta hayakuwa na chembe. Ukiifungua, ilaze, nyanyua nusu ya juu pamoja na bati la kati, kwa sababu vile vijiwe vya chuma vikidondoka huwezi kukisia vilikuwa wapi. Kila valvu iteleze kwa uzito wake ukiinamisha bodi. Solenoidi zipime kwa mita: S1, S2, ST na SL zisome oum 11 hadi 15 kwenye joto la nyuzi 20, SLT, inayotawala presha, isome oum 5.0 hadi 5.6. SLT ikiwa mbovu, gia zote zitagonga au zitateleza, na utalaumu klachi zisizo na hatia. Boliti za valvu bodi zikazwe Nm 11 kuanzia katikati kwenda nje. Za sufuria ni ndogo, hazizidi Nm 8. Ukizivuta kwa hasira, gasketi inakunjamana na mafuta yanachuruzika.

Konveta haitengenezwi nyumbani. Imechomelewa na inataka mashine ya kukerezea. Kama mafuta yalikuwa meusi au yenye chembe, badilisha. Kama yalikuwa safi, imwage, uiweke ATF safi kama nusu lita, uirudishe. Isukume huku ukiizungusha: utaisikia ikishuka, ikishuka tena, mpaka imekaa ndani kabisa kwenye meno ya pampu. Giaboksi ikikutana na injini, nyuso mbili zigusane kwa nguvu ya mikono tu, na konveta iwe bado inazunguka huru ikiwa na nafasi ya milimita chache kabla ya flaiwili. Nyuso zikikataa kugusana, usizivute kwa boliti. Unavunja pampu, na utaijua siku utakayowasha.

Kabla ya kuunganisha mipira, safisha kipoza mafuta ndani ya rediata: upepo, mafuta ya taa, upepo, kisha ATF kidogo itoke safi. Uchafu wa giaboksi ya zamani unaishi pale ukisubiri mpya.

Mafuta ni ATF ya Toyota aina ya T-IV. Watu humimina Dexron kwa sababu nayo ni nyekundu, halafu gari linatetemeka likibadilisha gia. Giaboksi kavu yenye konveta iliyomwagwa inachukua karibu lita 7, lakini weka 4 kwanza, washa, ongeza moja zaidi polepole. Mguu kwenye breki, pitisha liva kutoka P hadi L na kurudi, ukitua kidogo kila mahali, kisha upime injini ikinguruma taratibu. Alama ya HOT inasomwa mafuta yakiwa na nyuzi 70 hadi 80. Kujaza kupita kiasi ni kosa kama kupunguza: gia zinayapiga mafuta yakawa povu, na povu halina presha.

Safari ya kwanza iwe fupi na tambarare, bila kukanyaga kwa nguvu. Sikiliza kila badiliko dhidi ya karatasi iliyoko ukutani. Ukirudi, lala chini ya gari na tochi uangalie sili za draivu shafti na ukingo wa sufuria. Mlima wa Mau Summit, au ule wa Riat kwa walio Kisumu, usubiri mpaka uwe umetembea siku kadhaa, kwa kuwa kwenye mlima mrefu konveta huteleza kwa makusudi na joto hupanda upesi. Baada ya kilomita 500 hivi, fungua boliti ya kumwagia. Zitatoka karibu lita 3. Yamimine kwenye chupa nyeupe, uyaweke dirishani kando ya mafuta mapya. Weusi kidogo ni karatasi za pleti zikikaa mahali pake. Ukiona kitu kinang'aa chini ya chupa, toa sufuria uangalie sumaku.